Presha iliyoshushwa ndani ya dakika arobaini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwaloni, Kirumba

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 58, mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ni mgonjwa wa mfano. Vipimo vyake na mfuatano wa matukio tumevipanga kwa jinsi tatizo hili linavyojulikana kitabibu, ili kila hatua ichambuliwe wazi bila kugusa siri ya mtu. Aligundulika kuwa na presha miaka 6 iliyopita, akapewa amlodipini 10 mg kila siku, na miezi 4 iliyopita akaiacha kwa kuwa alijisikia mzima. Kisukari hana. Sigara alivuta miaka mingi. Kitoweo anachokipenda ni kayabo, sangara wa chumvi.

Asubuhi hiyo hakuwa akiumwa chochote. Alimsindikiza mpwa wake kununua dawa ya minyoo kwenye duka la dawa nje ya soko, akaona mashine ya presha juu ya kaunta, akaomba apimwe. Alikuwa ametoka kupanga magunia. Alikaa kwenye stuli isiyo na egemeo, mkanda ukafungwa juu ya shati, na muda wote alikuwa akiongea. Saa 4:00 mashine ilisoma 214/118, mapigo ya moyo 88.

"Mzee, kwa presha hii unaweza kuanguka hapa hapa," mtoa dawa alimwambia, naye akaingiwa na hofu. Saa 4:10 alipewa nifedipini ya 10 mg, ile kapsuli laini yenye majimaji ya njano ndani. Kapsuli ilitobolewa kwa pini na kukamuliwa chini ya ulimi.

Saa 4:35 alianza kupiga miayo mfululizo. Jasho jembamba likamtoka kwenye paji la uso, viganja vikawa vya baridi, moyo ukamwenda mbio. Mpwa wake akasema, "Dada, mwongezee kingine, huoni mjomba anavyotokwa jasho? Presha bado inapanda." Mtoa dawa alipima kwanza kabla ya kuongeza, na kipimo hicho ndicho kilichomwokoa mzee. Saa 4:50 mashine ilisoma 132/70, mapigo 116. Wakati huo huo mzee alitaka kusema jambo, maneno yakatoka nusu nusu. Mkono wa kulia ukashindwa kuinuka kutoka begani, ingawa vidole bado vilikuwa vinacheza kidogo.

Kwa watu wengi sokoni 132/70 ni presha nzuri. Kwa mzee huyu, saa ile, ilikuwa njaa ya ubongo. Ili kuelewa sababu ni lazima tutazame mambo mawili: jinsi shina la ubongo linavyopewa habari ya presha na kemikali linazojibu nazo, na jinsi mishipa ya ubongo wenyewe inavyojigawia damu. Yale ya kwanza ndiyo yaliyomtoa jasho. Yale ya pili ndiyo yaliyomnyima maneno.

Tuanze na jasho. Kwenye ateri za shingo, pale zinapogawanyika chini ya taya, na kwenye tao la aota, ateri kuu inayotoka kwenye moyo, kuna vihisi vya shinikizo. Ni ncha za neva zilizotandazwa ndani ya ukuta wa mshipa. Ukuta ukitanuka, milango midogo kwenye ncha hizo hufunguka na neva hutuma ishara. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwa panya kwamba milango hiyo ni protini za Piezo1 na Piezo2, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Ardem Patapoutian sehemu yake ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ishara hufika kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, na kemikali inayozikabidhi pale ni glutameti, kichocheo kikuu cha ubongo mzima.

Kuanzia hapo kazi inapita kwa makundi matatu ya seli. Kundi la kwanza, nyukliasi solitari, linapokea habari. Likichochewa, nalo hutumia glutameti kuamsha kundi la pili. Kundi la pili humwaga GABA, kemikali ya breki, juu ya kundi la tatu lililo mbele na pembeni ya medula. Hilo la tatu halilali kamwe: muda wote linatuma amri kwenye uti wa mgongo, na mwisho wa amri hizo ni noradrenalini kwenye kuta za mishipa ya damu na adrenalini kutoka tezi zilizo juu ya figo. Kwa hiyo presha ikipanda, glutameti nyingi hufika medula, GABA nyingi humwagwa, noradrenalini hupungua, mishipa hulegea. Njia nyingine kutoka nyukliasi solitari huamsha neva ya vagasi, nayo hupunguza mwendo wa moyo kwa asetilikolini. Yote haya hufanyika ndani ya mapigo machache ya moyo.

Presha ikishuka, mambo hugeuka. Vihisi hunyamaza, GABA hukauka, kundi la tatu hubaki bila breki. Moyo hukimbia, mishipa ya ngozi hujibana na ngozi ikawa ya baridi, jasho hutoka. Wakati huo huo seli nyingine za medula hutumia noradrenalini kuarifu haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, nayo hutoa vasopresini, homoni inayobana mishipa na kuzuia mkojo. Figo nazo hutoa renini, na kwa kazi yake anjiotensini II, homoni nyingine ya kubana mishipa, huongezeka katika damu na kugusa sehemu ya ubongo isiyo na ukuta wa kuzuia vitu vya kwenye damu visiifikie, na mtu husikia kiu. Mzee aliomba maji mara mbili akiwa dukani. Watu walidhani ni joto.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Jasho, moyo kwenda mbio, woga na mikono ya baridi ni dalili za ubongo unaopigania kupandisha presha. Mtaani zinasomwa kama presha iliyopanda, na zikisomwa hivyo mgonjwa anaongezewa dawa ile ile iliyomfikisha pale. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Mkanda wa mashine tu ndio unaoweza.

Lakini kwa nini medula ishtuke kwenye 132/70? Kwa sababu vihisi havipimi namba, vinapima tofauti na mazoea. Mtu akikaa na presha ya juu kwa siku chache tu, vihisi huanza kujipanga upya kuizunguka hiyo, na baada ya miaka vinailinda kama ndiyo presha halali. Ndiyo maana mzee aliishi na 214/118 akiwa anabeba magunia bila hata kuumwa kichwa. Na ndiyo maana kushuka kwake kulipokewa na shina la ubongo kama mtu aliyevuja damu nyingi.

Na kwa nini mapambano hayo yalishindwa? Nifedipini hufunga milango ya kalsiamu kwenye misuli ya kuta za ateri. Noradrenalini ilifika kwenye misuli hiyo ikaamuru ijikaze, ila misuli haikaziki vizuri kama kalsiamu haiingii. Moyo uliweza kutii, ukafika 116, lakini mishipa ilibaki wazi. Ni sawa na bomba lililotoboka huku pampu ikiongezwa kasi.

Sasa maneno na mkono. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala. Unahitaji kama mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kila dakika. Ili kiasi hicho kisiyumbe, ateri ndogo za ubongo hujirekebisha zenyewe: presha ikipanda hujibana, ikishuka hujifungua. Niels Lassen wa Denmark aliuchora utaratibu huu mwaka 1959, na vitabu vingi husema kwa mtu mzima unafanya kazi kati ya shinikizo la wastani la 60 na 150. Shinikizo la wastani hupatikana kwa kuchukua namba ya chini, kisha kuongeza theluthi moja ya tofauti kati ya namba mbili.

Tumpigie mzee hesabu. Saa 4:00, tofauti ya 214 na 118 ni 96, theluthi yake 32, hivyo wastani ni 150. Saa 4:50, tofauti ya 132 na 70 ni 62, theluthi yake karibu 21, hivyo wastani ni 91. Ameshuka 59, yaani karibu asilimia 39, ndani ya dakika 40 tangu apewe dawa. Mwaka 1976 Svend Strandgaard, wa Denmark pia, alipima mahali ambapo ateri za ubongo zinashindwa kujifungua zaidi. Kwa watu wasio na presha, wastani ulikuwa 73. Kwa wenye presha kali isiyotibiwa ulikuwa 113. Tisini na moja iko juu kabisa ya mstari wa kwanza na chini kabisa ya mstari wa pili. Namba moja, watu wawili, mmoja anapona na mwingine anaharibikiwa.

Sababu ya mstari kusogea iko kwenye ukuta wa ateri. Miaka ya presha ya juu, pamoja na kazi ya anjiotensini II, hunenepesha ukuta na kupunguza nafasi ya ndani. Naitriki oksaidi, gesi ambayo utando wa ndani wa mshipa huitoa ili misuli ilegee, huharibiwa kabla haijafanya kazi yake. Ukuta mnene una faida wakati presha iko juu, kwa kuwa huzuia ubongo usifurike damu. Unapohitajika kufunguka ghafla, hauwezi.

Mtiririko ukipungua, tishu nayo hupiga kelele kwa kemikali zake: kaboni dioksaidi na asidi hujikusanya, ATP, kemikali inayozipa seli nishati, huvunjika na kuacha adenosini, na zote hizo huamuru ateri zifunguke. Kwa mzee zilikuwa zimeshafunguka mpaka mwisho. Mtiririko ukishuka chini ya kama mililita 20, seli huacha kutuma umeme. Mtu hapati neno, mkono hauinuki, lakini seli bado ziko hai. Ukishuka karibu na mililita 10, pampu za sodiamu na potasiamu husimama kwa kukosa ATP, glutameti humwagika nje ya mpaka wake, kalsiamu hufurika ndani ya seli na kuiua. Glutameti ile ile inayobeba habari ya presha kwa adabu kwenye medula, hapa juu ikimwagika ovyo huwa sumu. Mzee alikuwa kati ya namba hizo mbili. Kila dakika dukani ilikuwa ya thamani.

Tatizo lilikuwa upande mmoja kwa sababu ateri yake ya shingo ya kushoto, kama kipimo cha altrasaundi kilivyoonyesha siku ya tatu, ilikuwa imezibwa na mafuta kwa zaidi ya nusu. Presha ilipoanguka, nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo iliyokosa kwanza, tena kwenye mpaka wa maeneo mawili ya ateri kubwa, ambako damu hufika kwa shida kama maji mwisho wa mfereji. Mpaka huo husimamia zaidi bega na mkono wa juu kuliko vidole. Bega lililogoma huku vidole vikicheza ni ishara ambayo mtu makini akiiona anapaswa kufikiria presha iliyoshuka kabla hajafikiria damu iliyoganda.

Njia ya kutoboa kapsuli ina kosa la msingi. Nifedipini hainyonywi vizuri chini ya ulimi. Sehemu kubwa humezwa, kisha huingia kwenye damu haraka kutoka tumboni. Huanza kushusha ndani ya dakika 5 hadi 10, hufika kilele kati ya dakika 30 na 60, na hudumu saa kadhaa. Hakuna anayeweza kukadiria itashusha kiasi gani kwa mtu fulani, na ikishaingia hairudishwi. Mwaka 1996 Ehud Grossman na Franz Messerli na wenzao waliandika katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, wakieleza kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vilivyofuata matumizi hayo, na kutaka yakome. Bado yapo kwenye kaunta. Mtoa dawa anayefanya hivyo hana nia mbaya: anaona namba ya kutisha na anataka kuishusha mbele ya macho ya ndugu. Wa kulaumiwa ni mazoea ya kutibu namba.

Kilichopaswa kufanyika saa 4:00 ni hiki. Mzee akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikigusa sakafu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu na wa saizi ya mkono wake, asiongee, dakika 5 kamili. Kisha apimwe mara mbili, dakika moja katikati. Kama bado ni juu ya 180/120, aulizwe: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vibaya na kutapika, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja? Lipo hata moja, hiyo ni dharura, aende hospitali mara moja bila kupewa kitu kaunta. Huko presha hushushwa kwa dawa za mshipa zinazodhibitika, na kwa kawaida wastani haupunguzwi zaidi ya robo ndani ya saa ya kwanza. Kuna hali chache zenye kanuni zake, kama kuchanika kwa aota na kifafa cha mimba. Halipo hata moja, apumzike nusu saa kwenye utulivu, apimwe tena, na apelekwe kliniki siku hiyo au kesho yake arudishiwe dawa ya kumeza. Mara nyingi mapumziko hayo pekee hupunguza namba kiasi cha kuondoa hofu. Robo ya wastani wa mzee, 150, ni kama 37. Kibali chake kiliishia kwenye 113, mstari ule ule wa Strandgaard.

Alifikishwa hospitali saa 5:25, kwa bajaji, akiwa ameketi. Kuketi kulizidi kuunyima ubongo damu. Angelazwa chali tangu dukani. Mapokezi yalifanya mambo kwa mpangilio sahihi: alilazwa bila mto, presha 136/72, mapigo 112, oksijeni asilimia 96, sukari 6.8. Sukari hupimwa kwanza kwa kila anayepoteza maneno, kwa sababu sukari ya chini huiga kiharusi kikamilifu na tiba yake ni ya dakika moja. Kipimo cha umeme wa moyo kilitafuta mshtuko wa moyo, kwa kuwa moyo unaokimbia huku namba ya chini ikianguka nao hukosa damu yake. Dawa zote za presha zilisimamishwa. Aliwekewa dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 500 kwa nusu saa, mapafu yakasikilizwa katikati na mwisho, maana mtu wa presha ya miaka mingi anaweza kuwa na moyo mgumu usiopenda maji ya haraka. Presha ilipimwa kila dakika 10.

Picha ya CT haikuonyesha damu ndani ya ubongo. Ilionyesha vidoa vidogo vya zamani ndani kabisa, alama za presha ya miaka. Ikumbukwe kwamba katika saa za kwanza CT inaweza kuwa safi hata kama kiharusi kipo. Kazi yake hapa ilikuwa kuondoa shaka ya kuvuja damu.

Saa 6:10 presha ilikuwa 158/84, wastani 109. Mkono ukaanza kuinuka hadi usawa wa kifua. Saa 8:00 ilikuwa 172/92, wastani 119, na mzee akamwita mpwa wake kwa jina, akauliza magunia yamebaki na nani. Nguvu na maneno vilirudi nifedipini ilipokuwa inaisha mwilini na wastani ulipovuka mstari wake.

Mtego wa pili ulikuja kesho yake asubuhi. Wodini mashine ilisoma 188/104 na ndugu wakaomba "sindano ya kushusha". Wauguzi walikataa, na walikuwa sahihi. Ubongo uliotoka kwenye njaa jana hauna akiba ya kuvumilia mshuko mwingine, na namba ile, bila dalili, haikuwa dharura. Siku ya pili jioni alianzishiwa amlodipini 5 mg, ambayo hupanda kilele chake polepole kwa saa 6 hadi 12 na hubaki mwilini muda mrefu, nusu yake ikitoka kwa saa 30 hadi 50. Ni ndugu ya nifedipini, inafunga milango ile ile ya kalsiamu. Tofauti ni mwendo tu, na mwendo ndio kisa chote hiki. Aliongezewa aspirini 75 mg na atovastatini 40 mg, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, kwa ajili ya ateri ya shingo, na akapewa miadi ya kuonana na daktari wa upasuaji wa mishipa.

Ndugu waliuliza kama kuna dawa inayoituliza medula yenyewe. Ipo. Methilidopa, wanayoijua akina mama wajawazito wa kliniki zetu, huingia kwenye ubongo na kugeuzwa kuwa kemikali inayofanana na noradrenalini. Hiyo hukaa kwenye vipokezi vya alfa-2, vinavyofanya kazi kama breki kwenye seli, na kulipunguzia kasi kundi la tatu la seli tulilolieleza. Ndiyo maana huleta usingizi na mdomo mkavu. Klonidini hufanya kazi kwenye vipokezi hivyo pia, na ikiachwa ghafla noradrenalini hurudi kwa kishindo na presha hupanda kuliko mwanzo. Kwa mtu aliyeacha dawa miezi 4 bila kumwambia yeyote, hiyo haikuwa dawa ya kuchagua.

Wiki ya kwanza alisoma 176/98. Wiki ya tatu, kwa amlodipini 10 mg na kayabo kuloweshwa na kumwagwa maji mara mbili kabla ya kupikwa, 158/90. Lengo lilikuwa kufika chini ya 140/90 ndani ya miezi 2 hadi 3, si ndani ya siku. Strandgaard alipima pia watu waliokuwa na presha kali zamani na sasa wametibiwa: mstari wao ulikuwa 96, katikati ya 113 na 73. Ateri za ubongo hujifunza upya, kwa miezi.

Kabla ya kuongezewa dawa ya pili, losartani 50 mg, alipimwa akiwa amelala dakika 5, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3. Amelala 154/88, dakika ya kwanza 146/86, dakika ya tatu 148/88. Namba ya juu ilishuka 8. Ingeshuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, dawa ya pili ingesubiri. Akaanza losartani jioni hiyo.